MAUMIVU YA MGONJWA NA MAANA YA SUBIRA

(Matini ya mhadhara uliotolewa msikitini baina ya Magharibi na Isha)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola Mlezi wa viumbe vyote, aliyeumba uhai na mauti, akaleta maradhi na akaleta dawa. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, Sahaba zake na kila anayefuata mwenendo wao mpaka Siku ya Malipo.



Tumekusudia leo kuzungumza juu ya jambo ambalo hutajwa kwa nadra sana katika mimbari zetu, ingawa hakuna nyumba ambayo halijaingia au halitaingia. Nalo ni hali ya mgonjwa aliye katika maradhi mazito ambayo, kwa kadiri ya elimu ya matabibu, hayatarajiwi kupona: mwenye saratani iliyokwisha kuenea, mwenye UKIMWI uliokwisha kumdhoofisha, mwenye moyo au figo zilizoshindwa kazi, mzee aliyepooza. Mtu huyo akifa, la kufanya tunalijua. Tunajua kuosha, kukafini, kuswalia na kuzika, na darsa za mambo hayo hazikosekani. Lakini zile wiki na miezi kabla ya sanda, wakati mtu angali hai, anaumwa, analia usiku hata jirani wanamsikia, kwa hizo elimu yetu ni ndogo, na pengo hilo limejazwa na maneno yasiyo na dalili.

Katika maneno hayo, lililo maarufu kuliko yote ni kumwambia mgonjwa: subiri, maumivu ni kafara ya madhambi. Neno hili asili yake ni ya kweli. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Muislamu hapatwi na uchovu, maradhi wala huzuni, hata mwiba unaomchoma, ila Allah (s.w.) humfutia kwa hilo baadhi ya makosa yake. Hatuna shaka na mafundisho haya. Shaka yetu ni juu ya namna yanavyotumiwa. Hadithi hii imekuja kumliwaza aliyechomwa na mwiba. Haikuja kumruhusu aliyesimama pembeni, mwenye uwezo wa kuuchomoa, auache humo mwilini kwa hoja kwamba mwenzake anapata thawabu. Subira ni ibada ya anayeumwa. Wajibu wa asiyeumwa ni kusaidia. Wenye afya wakichukua ibada ya mgonjwa na kuifanya udhuru wao, hapo dini imegeuzwa.

Tuangalie waliokuwa viongozi wa subira. Nabii Ayyub (a.s.), ambaye subira yake imekuwa mfano kwa watu wote, alimwita Mola wake na kumweleza kwamba amepatwa na dhara, na Qur'ani imelitaja hilo katika Suratul Anbiyaa, aya ya 83, bila ya kumlaumu. Aliomba aondolewe, na akaondolewa. Mama Aisha (r.a.) amesimulia kwamba hakumuona mtu aliyezidiwa na maumivu kuliko Mtume (s.a.w.), na nyumba yake haikuacha kumtafutia nafuu: alimwagiwa maji ili homa ipungue, na Mama Aisha alimsomea kinga na kumpangusa kwa mkono wake Mtume mwenyewe. Hakuna aliyesema kwamba tendo hilo ni upungufu wa imani.

Ipo pia habari ya yule mwanamke aliyekuwa akipatwa na kifafa. Alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) kuomba dua. Akapewa khiari: asubiri na apate Pepo, au aombewe apone. Akachagua kusubiri. Wengi wetu tunaishia hapo tunapoihadithia, na tunaisoma kama hoja ya kuacha matibabu. Lakini hadithi haijaisha. Mwanamke yule alieleza kwamba anapoanguka mwili wake huwa wazi, akaomba aombewe asikashifike, na Mtume (s.a.w.) akamuombea. Basi hapa pana mafunzo mawili. La kwanza, khiari ilikuwa yake mwenyewe. Mumewe, kaka zake na imamu wa msikiti hawakumchagulia. La pili, hata baada ya kuridhika na ugonjwa wenyewe, aliomba aondolewe adha mojawapo ya ugonjwa huo, na ombi lake likakubaliwa. Ugonjwa umebaki, adha imeondolewa. Hilo ndilo hasa ambalo leo madaktari wa Tanzania wanaliita huduma shufaa, au tiba shufaa: kumtunza mgonjwa wa maradhi mazito, kumpunguzia maumivu na dalili nyingine zinazomtesa, na kuisaidia familia yake, iwe kupona kunatarajiwa au hakutarajiwi. (Neno lenyewe lisitutatize. Halikusudii shafaa ya Siku ya Kiyama, wala halimwahidi mtu shifaa ya maradhi yake.)

Sasa tuje kwenye jambo lililotusukuma kuandaa mada hii. Katika mtaa mmoja tulikoitwa kusoma dua, alikuwapo mama mwenye saratani ya shingo ya kizazi. Hospitali walimpa chupa ya maji ya mofini, na kwa siku nne alilala usingizi wake wa kwanza baada ya miezi miwili. Siku ya tano mwanawe, kijana mwema anayeswali safu ya mbele, aliimwaga ile dawa chooni, kwa kuwa aliambiwa na watu anaowaheshimu kwamba mofini ni ndugu wa unga unaovutwa na mateja, kwamba kuinywa ni kunywa kileo, na kwamba daktari akikupa hiyo ndiyo amekwisha kukuandikia kifo. Mama yule aliishi siku kumi na tisa tena. Hatutaeleza siku hizo zilikuwaje.

Kijana hakukusudia ubaya, bali alikusudia kumhifadhi mama yake na haramu. Tunakumbuka hapa mkasa aliousimulia Jabir (r.a.) na kupokewa na Abu Daud, wa mtu aliyepigwa jiwe kichwani akiwa safarini, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama anaruhusiwa kutayamamu. Wakamwambia hawaoni ruhusa hiyo ilhali maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alikasirika mno, akawahesabu kuwa wamemuua, na akaeleza kuwa dawa ya asiyejua ni kuuliza. Wale nao walikuwa watu wema, na walitaka twahara.

Basi na tuulize. Mofini ni kitu gani? Ni dawa inayotokana na utomvu wa mmea wa afyuni, na ilitengwa kwa mara ya kwanza na mfamasia wa Kijerumani, Sertürner, mwanzoni mwa karne ya 19. Lakini matumizi ya afyuni kutuliza maumivu hayakuanzia Ulaya. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, ameitaja katika kitabu chake Al-Qanun miongoni mwa dawa za kuondoa maumivu makali, pamoja na tahadhari ya madhara yake. Ni kweli kwamba unga wa heroini unatengenezwa kutokana na mofini. Lakini zabibu na tende nazo hutengenezwa pombe, na hatujasikia mtu akizimwaga chooni.

Katika fiqhi, maulamaa wametenganisha baina ya pombe, ambayo Mtume (s.a.w.) ameikataa hata kwa jina la dawa, kama ilivyo katika Sahihi Muslim, na dawa zenye kuleta usingizi au ganzi ambazo mtu huzitumia kwa haja ya matibabu bila ya kukusudia ulevi. Imamu Nawawi, ambaye vitabu vyake ndivyo tegemeo la Mashafii wa pwani yetu, ameizungumzia hali ya mtu anayehitaji kukatwa mkono uliooza kwa maradhi, akasema kuwa kauli iliyo sahihi zaidi ni kujuzu kupewa kitu cha kumuondolea akili kwa ajili hiyo. Ikiwa kuondoa akili yote kumeruhusiwa kwa ajili ya mkono mmoja, vipi dozi ndogo iliyopimwa, ambayo baada ya siku mbili tatu za usingizi humuacha mgonjwa na akili zake timamu, akiswali, akizungumza na wajukuu zake? Mgonjwa aliyelemewa na maumivu ndiye asiyejua anachosema. Aliyetulizwa ndiye anayeweza kumdhukuru Mola wake kwa moyo uliohudhuria.

Ama hofu ya uraibu, matabibu wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Mgonjwa anayepewa mofini kwa ajili ya maumivu, kwa kipimo, chini ya uangalizi, kwa kawaida hageuki teja. Mwili wake utaizoea, na kwa sababu hiyo haiachwi ghafla bali hupunguzwa kidogo kidogo iwapo maumivu yamepungua. Na kuzoea kwa mwili ni jambo jingine na kutamani ulevi ni jambo jingine. Na hofu ya kwamba inaua: dawa hii ikizidishwa hovyo huua, kama zinavyoua dawa nyingi, kwa kuwa hupunguza pumzi. Ikipimwa vizuri na kupandishwa hatua kwa hatua, haifupishi umri. Kinachowadanganya watu ni kwamba kwetu mofini hutolewa kwa kuchelewa mno, mgonjwa akiwa amebakiwa na siku chache, kisha anapofariki lawama inawekwa juu ya chupa.

Inafaa tueleze kidogo namna inavyotumika, maana walio wengi kati yetu ndio wauguzi wa nyumbani. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 1986 utaratibu wa kupanda ngazi: maumivu madogo hupewa parasetamoli au dawa za jamii ya diklofenaki, yakizidi, huongezwa dawa kama kodeini, yakiwa makali, mofini. Maji ya mofini hunywewa, hayahitaji sindano. Hupewa kila baada ya saa nne: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku, na hiyo ya mwisho aghalabu huwa maradufu kwa agizo la daktari ili mgonjwa alale mpaka asubuhi. Kosa kubwa la familia ni kungoja mpaka mgonjwa alie ndipo wampe. Maumivu yakishaachwa yakapanda, huhitaji dawa nyingi zaidi kuyashusha. Mwenye kushika nyakati tano za swala hashindwi kushika nyakati tano za dawa.

Siku za mwanzo mgonjwa anaweza kuhisi kichefuchefu na usingizi; haya hupungua. Lisilopungua ni kufunga choo. Kila anayetumia mofini apewe pia dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza, na daktari akisahau, mkumbusheni. Chupa iwekwe mbali na watoto, na asipewe mwingine hata kama naye anaumwa, kwani kipimo kile si chake.

Yapo na mateso mengine madogo kwa kuyataja lakini makubwa kwa anayeyabeba. Kidonda cha saratani kinachonuka humfanya mtu ajifungie chumbani kwa haya, na wageni wakaacha kuja. Kidonda hicho kioshwe taratibu kwa maji safi yaliyochemshwa na kutiwa chumvi kidogo, kisha kinyunyiziwe unga wa vidonge vya metronidazoli vilivyosagwa, ambavyo wengi tunavijua kwa jina la Flagyl. Harufu hupungua sana kwa siku chache. Kinywa kikikauka, kipanguswe kwa kitambaa laini chenye maji. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili ili asitoke vidonda vya mgongo na nyonga. Anayehema kwa shida akalishwe kwa kuegemezwa mito, dirisha lifunguliwe, apepewe usoni, na wale jamaa ishirini waliojaa chumbani watoke nje. Kumzuru mgonjwa ni Sunna, lakini kumnyima hewa si Sunna.

Tuseme pia juu ya kula. Hakuna linaloleta ugomvi zaidi baina ya mgonjwa na watu wake kuliko kijiko cha uji. Maradhi yanapofika ukingoni, mwili hauhitaji tena chakula kama zamani, na njaa huondoka. Kuacha kula huko ni matokeo ya ugonjwa; si kwamba mtu anakufa kwa sababu hakula. Kumlazimisha huweza kumfanya atapike au apaliwe, chakula kikaingia katika mapafu. Apewe kidogo anachokitamani, kwa wakati anaoutaka. Katika Sahihi Bukhari na Muslim imo habari kwamba Mtume (s.a.w.) katika maradhi yake ya mwisho alitiwa dawa kinywani upande mmoja, ilhali aliashiria kuwa hataki. Waliokuwapo wakadhani ni lile chukizo la kawaida la mgonjwa kwa dawa. Alipopata nafuu akaamuru kila aliyekuwamo nyumbani naye atiwe dawa ile ile, isipokuwa Abbas (r.a.), ambaye hakushuhudia jambo lile. Ishara ya mgonjwa ilikuwa na uzito wake, nasi leo tunamshika taya bibi wa miaka themanini.

Hapa yatupasa tuweke mpaka wazi, ili asitokee wa kutusingizia. Kumuua mgonjwa kwa kumuonea huruma ni haramu, awe ameomba au hakuomba, iwe kwa sindano au kwa njia nyingine yoyote. Mtume (s.a.w.) amekataza hata kuyatamani mauti kwa sababu ya dhara lililomfika mtu, akafundisha badala yake kumuomba Allah (s.w.) uhai maadamu uhai ni kheri, na mauti yatakapokuwa ndiyo kheri. Lakini kukataa kuua si kulazimika kumng'ang'aniza mgonjwa kila aina ya matibabu. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la kimataifa, lenye makao yake Jeddah, lililizungumza suala la matibabu katika kikao chake cha saba cha mwezi Mei mwaka 1992, na katika azimio namba 67 likawataka matabibu na jamaa wa mgonjwa waupe nguvu moyo wake, wadumu katika kumtunza na kumpunguzia maumivu ya nafsi na ya mwili, bila kujali kama kupona kunatarajiwa au la. Tunawaomba maimamu walisome azimio hilo. Ni mwaka 2014 ndipo Mkutano Mkuu wa Afya Duniani nao ulipopitisha azimio la kuzitaka serikali zote ziingize huduma hii katika mipango yao ya afya.

Ama ibada za mgonjwa, wepesi wa sheria ni mpana, na masikitiko ni kwamba wagonjwa wetu hawauambiwi. Imran bin Huswayn (r.a.) alikuwa na bawasiri, akafundishwa aswali kwa kusimama, akishindwa kwa kukaa, akishindwa kwa ubavu. Aliyewekewa mpira wa mkojo hukumu yake ni kama ya asiyeweza kujizuia: atatawadha kwa kila swala baada ya wakati kuingia, na kitokacho hakimdhuru. Asiyeweza maji atatayamamu. Imamu Ahmad na wengineo wameruhusu mgonjwa kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Katika Ramadhani tumewaona wagonjwa wa saratani wakiacha dozi za mchana ili wafunge, wakakesha kwa maumivu. Mgonjwa amesamehewa kwa nassi ya Qur'ani katika Suratul Baqara, na asiyetarajiwa kupona hulisha masikini mmoja kwa kila siku. Awaambie nani hayo, kama sisi tunaowatembelea tunaishia kuwasifu kwa ushujaa wa kufunga?

Jambo zito zaidi ni ukweli. Katika nyumba nyingi kila mtu anajua mgonjwa ana nini isipokuwa mgonjwa. Madaktari huitwa pembeni na kubembelezwa wasiseme. Tunaielewa huruma iliyomo, na hatusemi mtu apigwe na habari kama kwa rungu. Asiyetaka kujua asilazimishwe, na anayeuliza ajibiwe kwa upole na kwa kiasi anachokihimili. Lakini yule anayeuliza mara ya tatu, akaambiwa tena kuwa ni vidonda vya tumbo, amedhulumiwa. Ana madeni ambayo yeye pekee ndiye anayeyajua. Ana amana za watu. Huenda ana ndugu waliyekatana naye. Ana haki ya kuusia theluthi ya mali yake kwa wasiokuwa warithi. Sa'd bin Abi Waqqas (r.a.) alipougua Makka alizungumza na Mtume (s.a.w.) waziwazi juu ya mali yake baada ya kufa kwake, na hapo ndipo umma ukapata mpaka wa theluthi. Mazungumzo yale hayakumuua. Aliishi baada yake miaka mingi.

Na ukweli ukifichwa, mali nayo huliwa. Familia zinauza shamba na nyumba kwa ajili ya safari ya India, hata pale madaktari walipokwisha kueleza kuwa safari haitabadili kitu. Wengine huuza kwa ajili ya waganga na makombe. Sisi hatupingi kisomo cha Qur'ani kwa mgonjwa. Hicho ni katika Sunna, na moyo hutulia kwacho. Tunampinga anayechukua fedha za mayatima watarajiwa kwa kuahidi asichokimiliki, akaongeza kwa kumwambia mgonjwa aache dawa za hospitali. Na kwa kuwa tumefika kwenye fedha, tuulizane kwa uadilifu: vipi jamaa wanaoshindwa kununua mipira ya mikono na kitambaa cha kumfungia kidonda wakati wa uhai wake, wanapata ng'ombe wa arobaini baada ya kufa kwake?

Mzigo wa kuuguza umewekwa juu ya wanawake peke yao. Mke, binti au mkwe ndiye anayegeuza, anayeosha, anayekesha, na wanaume tunakuja baada ya Isha kuuliza hali. Uthman bin Affan (r.a.) hakuhudhuria vita vya Badr. Alibaki Madina akimuuguza mkewe Ruqayya, binti wa Mtume (s.a.w.), kwa amri ya Mtume mwenyewe, na akahesabiwa ujira na fungu sawa na aliyepigana Badr. Ruqayya alifariki katika maradhi yale. Thawabu za Uthman hazikutegemea kupona kwake. Mwanamume anayeona aibu kumsafisha mkewe mgonjwa na alitafakari hilo, na mwajiri Muislamu anayemkatia mshahara kijana aliyebaki na mama yake naye alitafakari.

Huduma tunazozizungumza zipo. Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala, akieneza maji ya mofini ya bei nafuu, na mwaka 2004 Uganda ikawaruhusu kisheria wauguzi na matabibu wasaidizi waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini, ili mgonjwa wa kijijini asimngoje daktari asiyekuwapo. Dar es Salaam ipo Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, na hospitali kadhaa za mikoani zina vitengo vya tiba shufaa. Hata hivyo upungufu ni mkubwa. Ripoti ya jopo la wataalamu iliyotolewa na jarida la Lancet mwaka 2017 ilikadiria kuwa kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizogawiwa duniani kwa mwaka, nchi za kipato cha chini zilipata tani 0.1 tu. Dawa yenyewe si ghali. Wenye maumivu makali zaidi ndio walioachiwa neno "vumilia".

Wengi wa walioanzisha nyumba hizi katika nchi zetu ni Wakristo, na wametutunzia wagonjwa wetu bila kuwabagua. Tunawashukuru. Lakini tujikumbushe kwamba Sultani Qalawun alijenga Cairo, mwaka 1284, bimaristani iliyotibu watu bure kwa mapato ya waqfu. Leo waqfu zetu ni za vyumba vya maduka na majenereta ya misikiti.

Sa'd bin Muadh (r.a.) alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq, Mtume (s.a.w.) alimpigia hema ndani ya Msikiti wa Madina ili awe karibu naye na amzuru, na jeraha lile ndilo alilofia. Basi mgonjwa aliye katika siku zake za mwisho aliwahi kuwa na mahali ndani ya msikiti. Hatupendekezi mahema. Tunapendekeza kila msikiti uwe na orodha ya wagonjwa wazito wa mtaa wake, watu wawili wanaume na wawili wanawake waliofundishwa na wauguzi wa hospitali iliyo karibu, na sanduku dogo lenye mipira ya mikono, shuka, sabuni na nauli ya kufuata dawa. Kamati ya msikiti wetu itaanza kuandikisha majina Ijumaa ijayo baada ya swala, na muuguzi wa tiba shufaa amekubali kuja Jumamosi mbili mfululizo kufundisha. Akina mama watakaa upande wao wa kawaida. Mwenye mgonjwa nyumbani, au anayemjua jirani aliyejifungia na mgonjwa wake, asingoje mpaka siku hiyo. Atuone usiku huu kabla hatujatawanyika.

Wabillahit-tawfiq.